Kutu Chini ya Mpira wa Dirisha



Je, kufunika jambo ambalo hakuna aliyeliuliza ni kusema uongo? Swali hili tuliletewa na mzee mmoja wa kanisa anayefufua Volkswagen ya zamani, ile ya mviringo yenye injini nyuma. Alikuwa anabadilisha mipira ya madirisha. Mpira ukipigwa na jua miaka mingi hukakamaa na kupasuka, maji yakapenya na kutuama kwenye pembe za chini. Alipong'oa mpira wa kioo cha mbele, alikuta bati limeliwa na kutu. Gari lenyewe anataka kuliuza. Mpira mpya ungeficha kutu yote, na mnunuzi angeona weusi unaong'aa tu.

Wengine walimjibu: funika kombe mwanaharamu apite. Naona methali hiyo tunaionea. Kombe hufunikwa kwa muda, mpita njia akishapita linafunuliwa. Haikusemwa liachwe mpaka kilichomo kioze.

Kazini kwangu, kidonda chenye usaha hatukishoni juu. Tunakisafisha, tunakijaza shashi, tunakiacha kipone kutoka chini kuja juu, hata kama ni wiki kadhaa. Mgonjwa hutuchukia, maana kila tukifungua anaumia. Lakini ngozi ikiwahi kufunga, usaha hubaki ndani na kutafuta njia nyingine.

Hata hivyo siwezi kusema kila kufunika ni dhambi. Nesi anayemfunika mgonjwa shuka hadanganyi mtu. Siri za wagonjwa sizisemi hata nyumbani. Mimi hujiuliza: nani atalipia kilichofichwa? Kutu ikifunikwa, atalipa mnunuzi, siku mvua itakapomkuta na maji miguuni ndani ya gari. Kutouliza kwake hakumwondolei muuzaji mzigo, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua cha kuuliza.

Mzee amekubali kukwangua mpaka bati safi, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kungoja ikauke. Ndipo mpira utavishwa kwenye kioo, kamba ipitishwe kwenye mfereji wake, upakwe maji ya sabuni (si grisi, inaharibu mpira). Mmoja atavuta kamba akiwa ndani ya gari, mwenzake akisukuma kioo kwa viganja akiwa nje. Peke yako ni taabu. Nimependa kwamba watu wawili wataiona ile fremu kabla haijafichwa.

Katika vikao vyetu vya upatanisho sisi huharakisha mpira. Familia mbili zimegombana kwa pesa za mchezo. Tunawaketisha, mtu anaomba, tunasema "yaishe", wanapeana mikono, tunakula pilau. Nani alichukua nini hakikutajwa. Baada ya miezi michache hawaketi tena benchi moja, na watoto wamekatazwa kucheza pamoja.

Ningependa kiasi kitajwe kwanza, kwa dola na senti, na mwenye deni aseme atalipa lini, kabla ya yeyote kuombwa asamehe. Najua pilau litapoa. Na aliyedhulumiwa akikataa kutoa mkono mapema, tusimwite mkorofi.