Jeli ya Moyo na Sindano ya Koo

Je, ni haki kutafuta namna ya kuotesha upya misuli ya moyo, ilhali kati ya Kitale na Bungoma mtoto anaweza kuharibikiwa na moyo kwa sababu koo lake halikutibiwa mapema?

Utafiti wenyewe uko hivi. Mshtuko wa moyo huua misuli, na misuli hiyo haioti tena kama ngozi, panabaki kovu. Wanasayansi wakajaribu kudunga seli shina hapo palipoumia. Shida ni kwamba hazikai. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku: seli nyingi huchukuliwa na damu, na zinazobaki nyingi hufa. Ndipo ikabuniwa jeli, kwa mfano ya alijineti itokayo kwenye mwani. Hupita sindanoni ikiwa majimaji, kisha huganda moyoni na kuzishikilia seli. Bado inafanyiwa majaribio.

Rafiki yangu muuguzi wa Bungoma hana subira na habari hizi. "Hizo ni ndoto za walioshiba, bwana. Sisi tupe penisilini, basi."

Ana hoja. Homa ya rumatiki huanzia kooni ikaishia kwenye vali za moyo, na jeli haitengenezi vali. Sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, huizuia isirudi.

Lakini hoja hiyo ukiivuta hadi mwisho, maskini haruhusiwi kutamani ila cha bei rahisi. Hapo nakataa. Hata penisilini ilikuwa ndoto. Mwaka 1941 polisi mmoja huko Oxford, Uingereza, alidungwa dawa hiyo akaanza kupata nafuu. Ilikuwa adimu hivi kwamba waliichuja kutoka kwenye mkojo wake wamdunge tena. Ikaisha, akafa. Leo ni ya bei nafuu kwa sababu watu waliamua itengenezwe kwa wingi.

Kwa hivyo anayetafiti jeli hamdhulumu mtoto wetu. Dhuluma ni kuijua tiba, kuwa na uwezo wa kuifikisha, halafu kumwacha mama akose sindano ya mwezi huu kwa sababu ya nauli. Deni hilo halingoji maabara ya mtu. Na tusipojifunza kulilipa, hata hiyo jeli ikifaulu, itatupita barabarani hapa Kitale kama gari la mkubwa.