Jasho Halighushiwi

Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, na taifa likaambiwa kwamba watumishi wa umma 9,932 waliajiriwa kwa vyeti vya kughushi. Waliagizwa kuondoka kazini, na aliyeng'ang'ania baada ya Mei 15 afikishwe mahakamani. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini katika kata kama Sombetini, jijini Arusha, ambako mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa Mbauda ni majirani wa ukuta kwa ukuta, waliotajwa si takwimu; ni wazazi, ni waumini wa safu moja msikitini au wa jumuiya moja kanisani. Hapo ndipo swali linapokuwa zito: aliyefanya kazi miaka ishirini kwa cheti feki anadaiwa nini, naye anadai nini? Jibu langu ni kwamba haki imnyang'anye alichokipata kwa uongo, yaani nafasi, isimnyang'anye alichokipata kwa jasho.

Tuanze na deni lake. Kughushi cheti si kosa lisilo na mdhulumiwa. Siku ile ya usaili palikuwa na mwingine mwenye cheti halali, akarudi nyumbani mikono mitupu; na kama kazi ni ya kutibu, mgonjwa naye aliweka uhai wake rehani bila kujua. Dini zetu mbili kubwa hazina utata hapa. Wanazuoni wa Kiislamu wanafundisha kwamba dhambi inayogusa haki ya mja haifutwi kwa majuto peke yake, mpaka haki irudi kwa mwenyewe au asamehe. Katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru hakuishia kumkaribisha Yesu mezani. Aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Sasa, yule aliyekosa nafasi hajulikani jina wala anakoishi. Kinachoweza kurudishwa ni nafasi yenyewe, itangazwe upya, agombee yeyote mwenye sifa. Ndiyo maana kuondolewa kazini hakupaswi kuitwa kisasi.

Wapo watakaosema: lakini alifanya kazi vizuri, kwa nini aondolewe? Hoja hii ina uzito, na hata Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, alipoulizwa juu ya aliyepata shahada kwa kuibia mtihani, alijibu kwamba atubu kwa udanganyifu wake, na kwamba kipato chake hakina ubaya ikiwa anaimudu kazi. Hata hivyo jibu hilo linahusu uhalali wa kipato. Halimlazimishi mwajiri kuendelea naye. Aliyeghushi alimnyima mwajiri nafasi ya kuamua akiwa na ukweli mkononi. Utumishi mwema unaweza kupunguza adhabu, lakini hauwezi kumpa mtu haki ya kukalia nafasi ambayo asingepewa kama ukweli ungejulikana.

Upande wa pili wapo wanaosema kila kilichotokana na uongo ni batili, hivyo aondoke bila hata senti. Hawa wanasahau kwamba mshahara ni malipo ya kazi, na kazi ilifanyika. Watoto walifundishwa, mafaili yalishughulikiwa, na serikali ilizipokea huduma hizo zote. Kumnyima mtu makato ya hifadhi ya jamii yaliyotoka kwenye mshahara alioutolea jasho ni dhuluma mpya juu ya dhuluma ya zamani. Serikali yenyewe ililiona hilo: Oktoba 2022, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, ilitangaza kuwarejeshea walioondolewa michango yao ya hifadhi ya jamii, zaidi ya shilingi bilioni 46, wakati ambapo idadi yao ilikwisha kupita 14,000. Walichorejeshewa ni kile walichokatwa wao, si sehemu ya mwajiri. Naona mpaka huo uliwekwa mahali pake: makato ni ya jasho, mchango wa mwajiri ni stahili ya nafasi.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la usawa: mbona wanasiasa hawakuhakikiwa? Kweli, Katiba inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika tu, kwa Kiswahili au Kiingereza. Lakini kutotakiwa cheti si ruhusa ya kuwasilisha cha uongo, na mwanasiasa aliyedanganya juu ya elimu yake ana kosa lile lile mbele ya Mungu na mbele ya wapiga kura. Tofauti kati ya kutokuwa na cheti na kusema uongo ilionekana tena mwaka 2018, serikali ilipoagiza watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004, na kuondolewa kwa kukosa cheti, warudishwe kazini, mradi hawakughushi. Hao hawakumdanganya mtu. Kwa hiyo jamii ya waumini isimfiche mwenye cheti feki kwa jina la huruma, wala isimtenge baada ya kuadhibiwa kwa jina la haki. Akisharudisha nafasi, amelipa deni alilokuwa nalo kwa yule aliyenyimwa. Jasho lake libaki kuwa lake.