Tumzike Vyema, Lakini Kwanza Tumuuguze



Kisiwani kwetu Pemba, ikitangazwa tanzia msikitini, watu hawangoji kualikwa. Toka Wete mpaka Mkoani wanaume huacha jembe na ngalawa, hata ukiwa msimu wa karafuu, wakenda kumzika mtu ambaye pengine hawakumjua. Wanawake hujaa kwa mfiwa, wali hupikwa, khitma husomwa. Hii ni sifa njema, na Mwenyezi Mungu atulipe kwayo. Lakini jiulize: huyo tuliyemzika kwa wingi namna ile, miezi yote aliyolala kitandani alikuwa na nani? Mara nyingi alikuwa na binti mmoja, asiyelala usiku, amgeuzaye, amfuliaye na kumlisha uji kwa kijiko. Sisi tulipita mlangoni tukauliza hali, tukaambiwa "Alhamdulillahi", tukenda zetu.

Mgonjwa wetu wa saratani huvuka bahari mpaka Unguja, na mara nyingi mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wengine hupona. Wengine hurudishwa nyumbani, kwa kuwa tiba ya kuondoa maradhi imekwisha. Hapo ndipo penye suala letu: daktari akisema hana tena la kufanya, je, na sisi hatuna?

Mtume wetu (S.A.W.) alipozitaja haki za Mwislamu juu ya mwenziwe, alitaja kumzuru mgonjwa na kulifuata jeneza katika hadithi moja. Sisi tumeishika moja kwa mikono miwili, na nyingine tumeilegeza. Naye mwenyewe, katika maradhi yake ya mwisho, aliwaomba ruhusa wakeze auguzwe nyumbani kwa Bibi Aisha, na roho yake ilitoka akiwa ameegemea kifuani pake. Mbora wa viumbe alifariki akiwa amepakatwa na ampendaye.

Wako wanaosema kuwa kumwambia mgonjwa ukweli ni kumkatisha tamaa. Kwa hiyo huambiwa kila siku kwamba kesho atainuka, naye akafa bila kuusia, bila kulipa deni, bila kutakana radhi na nduguye. Ndugu msomaji, matumaini si ya kupona tu. Siku tatu kabla ya kufariki, Mtume alitufundisha kwamba asife mmoja wetu ila naye anamdhania Mola wake mema. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana mengi ya kutumai: kuwa atapokewa kwa rehema, kuwa deni lake litalipwa, kuwa watoto wake hawatatupwa, na kuwa usiku wa leo hatakuwa peke yake. Hayo matatu ya mwisho yamo mikononi mwa jirani zake.

Wako pia wasemao kuwa maumivu ni kafara ya dhambi, basi yasipunguzwe. Ni kweli kwamba mwenye kusubiri hulipwa. Lakini subira ni ya anayeumwa. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kumchumia jirani thawabu kwa kumnyima dawa. Mtume ametuamrisha tujitibu. Nchini Uganda, tangu mwaka 1993, hospisi iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini ya maji, dawa ya kunywa, hapo hapo majumbani mwao. Na toka mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wameruhusiwa kuiandika. Huambiwa kuwa ni kilevi. Lakini kilichokatazwa kwa starehe huruhusiwa kwa dharura, kwa kipimo cha tabibu. Kumtuliza mgonjwa si kumuua. Na kumuua kwa kisingizio cha huruma ni haramu, hilo halina mjadala.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi mashuhuri London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya anayekufa hayamo mwilini tu: yamo moyoni, yamo katika jamaa zake, na yamo rohoni. Mofini haiponyi upweke. Huko Kerala, Bara Hindi, pwani ambayo majahazi yake yalifanya biashara na yetu kwa karne nyingi, watu wa mitaa wamejipanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: majirani wa dini zote hufunzwa, huchanga vijisenti, na huzuru wagonjwa kwa zamu pamoja na muuguzi.

Je, sisi wenye chama cha kuzikana karibu kila kijiji tunashindwa na nini? Mmoja akeshe Jumatatu, mwengine Jumanne, yule binti apate kulala. Mmoja afuate dawa Chake Chake. Mwengine amwekee mgonjwa udongo safi wa kutayamamu na kumwelekeza kibla, aswali kwa kukaa, na akishindwa, kwa kulala ubavu. Tusikae mno tukamchosha, wala tusizungumze mbele yake kama kwamba hayupo. Saa ikifika, tumtamkie shahada kwa upole, bila kumhimiza.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Maiti hajui ni wangapi waliobeba jeneza lake njiani. Mgonjwa anajua ni nani aliyeushika mkono wake usiku.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema, na atujaalie kuwa wema kwa walio mwishoni. Amin.