Mlezi Aliyekimbia na Mtoto

Masomo: 2 Samweli 4:4, Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 2:1-10



Sisi mashemasi tuliombwa kuandika juu ya ulinzi wa watoto wadogo barabarani. Wengi wenu mnajua sababu. Mtoto mmoja wa parokia hii, wa miaka miwili, alianguka toka juu ya pikipiki siku ya Mungu asubuhi, mama yake akimleta ibadani. Alivunjika mfupa wa paja. Amelala hospitali majuma mengi, mguu umefungwa na kuvutwa juu. Tunamshukuru Mungu kwamba anaishi na kwamba ameanza tena kusimama. Lakini tangu siku ile maneno mengi yamesemwa katika nyumba zetu, mengine mabaya, na hatuwezi kuyaacha yaendelee.

Fungueni kwanza kitabu cha pili cha Samweli. Yonatani, mwana wa mfalme Sauli, alikuwa na mtoto aliyeitwa Mefiboseti. Mtoto alikuwa na miaka mitano wakati habari zilipofika toka Yezreeli kwamba Sauli na Yonatani wamekufa vitani. Mlezi wake akamchukua akakimbia. Na kwa sababu ya ile haraka mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Mstari ni mmoja tu, kisha Biblia inaendelea na habari nyingine.

Wale kati yetu wenye miaka arobaini na zaidi hawahitaji kuelezwa mstari huu. Tunakumbuka Juni 2000, vita ya siku sita, toka tarehe 5 mpaka tarehe 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yakipigana ndani ya mji wetu, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu. Tulikimbia na watoto wa ndugu zetu mgongoni na mkononi. Hakuna aliyeuliza kama kikwembe kimefungwa vizuri. Mlezi wa Mefiboseti alikuwa katika siku kama ile. Alimpenda mtoto, kama hakumpenda angemwacha na kukimbia peke yake.

Basi tuulize: siku ile ya Mungu asubuhi, bomu lilikuwa wapi? Mama yule alikimbia nini?

Hapa sherti tuseme ukweli, hata kama unatupasa haya. Alikimbia mlango wetu. Sisi mashemasi ndio tuliokata shauri kwamba saa tatu kamili mlango wa hekalu unafungwa, na anayechelewa anasimama inje mpaka mwisho wa masomo. Tulifikiri tunafundisha heshima. Mama alikuwa na watoto watatu wa kuogesha, maji yalikosa kwa bomba, mvua ilinyesha usiku na barabara ilikuwa na matope. Alipopata pikipiki ilibaki dakika kumi. Akamwambia kijana mwenye pikipiki, enda mbio. Kijana akaenda mbio. Kwenye shimo moja gurudumu likaruka, kikwembe kikalegea, mtoto akateleza upande. Mama mwenyewe ametueleza hivi, akilia, na alituomba tusimlaumu yule kijana.

Lakini jamaa hawakutaka kusikia habari ya shimo. Walitafuta mtu. Wakasema: nani alimfunga mtoto mgongoni asubuhi ile? Ni bibi, mama ya baba. Nani alikataa kwenda ibadani siku ile? Ni bibi tena, alisema magoti yanamuuma. Wakaunganisha mambo hayo mawili, na jioni neno la uchawi lilikuwa limekwisha kutajwa. Wakaja kwetu kuomba nabii afunge na kuomba ili jina lifunuliwe.

Ndugu, sisi tunaamini maono. Kanisa letu limesimama juu ya watu waliosikia sauti ya Mungu wakati wakubwa wa dunia walipotaka kuwanyamazisha. Lakini Mungu hafunui kitu ambacho macho yanakiona. Shimo lile liko pale mpaka leo, kila mtu anaweza kwenda kulitazama. Mwendo wa mbio unajulikana. Kikwembe kilichochakaa kinajulikana. Kwa nini tumsumbue Mungu kwa swali ambalo jibu lake liko barabarani? Na tena, hatusomi popote kwamba mlezi wa Mefiboseti alishitakiwa. Hakuna aliyesema alimroga mwana wa Yonatani. Bibi huyu amelea watoto saba na wajukuu tusiojua hesabu yao. Kama kila anayefunga mtoto mgongoni ni mchawi siku mtoto anapoanguka, nani atabaki msafi katika Kisangani?

Tuende kwa somo la pili. Katika Torati Mungu aliwaagiza Waisraeli: mtu akijenga nyumba mpya, atie ukingo kuzunguka dari, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Nyumba zao zilikuwa na dari tambarare, watu walipanda juu kulala na kuanika nafaka. Mungu yule yule anayetuma malaika hakusema, jengeni bila ukingo, mimi nitawadaka. Ibilisi ndiye aliyesema vile, alipomweka Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, na Bwana akamkatalia. Mtu anayemnyunyizia mtoto maji ya maombi, kisha anamweka mbele ya mwendeshaji juu ya tanki la esansi, miguu ikining'inia, ajiulize anamsikiliza nani kati ya wale wawili.

Na ukingo wa barabara zetu ni nini? Wenye motokari wana neno lao, na ni fupi kwa sababu ni wachache. Katika Uswidi, miaka ya 1960, munganga mmoja jina lake Bertil Aldman alitazama namna viti vya wale wanaorushwa angani vilivyotengenezwa, mgongo wote ukiegemea kiti ili upokee nguvu pamoja. Akatengeneza kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ya motokari, kwa sababu kichwa cha mtoto mdogo ni kizito na shingo yake bado laini. Shirika la Afya Duniani, lile tunaita OMS, linaandika kwamba kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya motokari kwa 71 kwa mia. Baba mmoja kati yetu alinunua motokari iliyotoka Ulaya na kiti kama hicho kikiwa bado ndani. Wakakiweka sebuleni, mtoto akalia humo uji mwaka mzima! Tulicheka pamoja naye, kisha tukakirudisha motokarini. Kifungwe nyuma, si mbele, kwa mkaba wa motokari wenyewe, kisitikisike. Mikanda yake ikaze kifuani pa mtoto. Na kama kimepasuka au kimekwisha kupita katika ajali, kisitumiwe tena.

Mama wengi wanasema, mimi namshika mtoto kwa mikono, inatosha. Haitoshi. Motokari ikienda kilometa 40 kwa saa na kugonga ukuta, ni kama kuanguka toka juu zaidi ya meta 6, yaani toka dari la nyumba ya orofa. Mtoto wa kilo 12 wakati ule anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo zaidi ya 100. Upendo wa mama ni mkubwa kuliko kilo 100, lakini vidole vyake haviwezi.

Wengi wetu tunapanda pikipiki. Zamani ilikuwa kinga, na neno toleka limetoka hapa kwetu. Vijana wale walibeba mji huu mgongoni wakati esansi ilikosa. Kinga ilikuwa na ubaya wake, mguu wa mtoto kuingia katika nyaya za gurudumu, na wengine wetu bado tuna alama kwenye kisigino. Lakini kinga ilikwenda polepole. Pikipiki inakwenda mbio, na hatutawadanganya: kwa mtoto wa miaka miwili hakuna mahali pazuri juu ya pikipiki. Hata kofia ya kaske inayomtosha haipatikani kwa urahisi, na hata kubwa zake mama hawazivai, wanasema zinaharibu nywele. OMS inasema kaske iliyovaliwa vizuri inapunguza majeraha ya ubongo mpaka 74 kwa mia. Nywele zinaota tena.

Kama safari ni fupi, tembea kwa miguu. Toka soko kuu mpaka hekalu hakuna haja ya pikipiki, hata kama jua ni kali. Kama ni sherti kupanda, panda wewe na mtoto tu, bila jirani wa tatu, bila gunia la makala. Keti kama mwanaume anavyoketi, miguu pande mbili, usiketi upande. Tunajua wazee watanung'unika juu ya heshima, na tumekubaliana kwamba mama mwenye mtoto mgongoni asiambiwe neno. Kikwembe kiwe kizima, na juu yake kikwembe cha pili kipite chini ya makalio ya mtoto na kufungwa mbele kwa fundo. Ncha zote ziingizwe ndani, maana ncha inayopepea inaingia katika gurudumu na kuvuta wote wawili chini. Miguu ya mtoto isifike kwa bomba la moshi, linachoma kama jiko. Na kabla ya kupanda, patana na mwendeshaji juu ya mwendo kama unavyopatana juu ya bei. Akicheka, mwache, tafuta mwingine. Akinuka pombe usiseme naye hata kidogo.

Kwa mtumbwi wa kwenda Lubunga jambo moja ni kinyume. Mtoto aliyefungwa sana mgongoni, mtumbwi ukipinduka, anazama pamoja na mama na hawezi kuokolewa na mwingine. Ndani ya mtumbwi mfungue, mpakate. Na mtumbwi uliojaa mpaka maji yanalamba ukingo, uache uende.

Sasa tuna neno kwa mama mwenyewe wa mtoto huyu, na kwa wengine wanaofanana naye, maana tumejua kwamba ni wengi. Tangu ajali hatoki. Usiku anaamka kuweka mkono juu ya pua ya mtoto asikie pumzi. Kelele ya pikipiki njiani inamfanya atetemeke. Baba wa nyumba amechoka na anamwambia kwamba hana imani. Baba, tunakuomba uache neno hilo. Soma Kutoka sura ya pili. Mama ya Musa alimficha mtoto miezi mitatu. Je, unafikiri alilala usingizi katika miezi ile? Kila mtoto alipolia moyo wake ulisimama. Mungu hakumkemea kwa hofu hiyo. Hofu ndiyo iliyomfundisha kutwaa kisanduku cha manyasi na kukipaka sefa na lami, kwa uangalifu, kila tundu.

Lakini angalieni kilichofuata. Alikiweka mtoni. Mto ule ulikuwa na mamba, naye aliuondoa mkono wake. Dada ya mtoto ndiye aliyesimama mbali kutazama. Mama akarudi nyumbani. Hatujui alifanya nini siku ile, labda alitwanga, labda alikaa tu akitazama ukuta. Kazi ya kupaka lami ilikuwa yake na aliimaliza. Kazi ya kutazama aliachia mtu mwingine. Mama, sisi tunaomba kuwa yule dada anayesimama mbali. Wamama wawili wa parokia watakuja kwako siku ya nne na siku ya sita jioni kukaa na mtoto ili ulale. Mtoto atembee uani na mguu wake. Ataanguka tena, kama watoto wote, na atainuka.

Kwa upande wetu, haya ndiyo tuliyoamua. Toka juma hili mlango wa hekalu haufungwi tena saa tatu. Anayekuja na mtoto mdogo ataingia saa yoyote, hata wakati wa mahubiri, na viti vya nyuma upande wa kuume ni vyake. Shemasi wa zamu atamsaidia kubeba. Wenye motokari watatu wa parokia wamekubali kupita kuchukua wamama wenye wachanga wanaokaa mbali, kwanza wa upande wa daraja la Tshopo. Vijana wa kanisa watabeba mawe na udongo siku ya sita asubuhi kujaza lile shimo, bila kungoja mtu. Aje mwenye jembe na jembe lake.

Na nabii hakuombwa jina la mtu. Siku ya pili tulikwenda sisi wanne kwa nyumba ya bibi. Tulimkuta peke yake, anachambua sombe. Hakutuuliza kitu. Tulisali, kisha tukamwambia kwamba tunahitaji mtu wa kufundisha wamama vijana kufunga vikwembe viwili, baada ya ibada, uani. Akasema magoti yanamuuma. Tukasema tutaleta kiti. Akakaa kimya muda, akauliza kama mkwe wake anajua kwamba tumekuja. Tukamjibu kwamba ni mkwe wake aliyetutuma.