Kuirekodi Kesho

Kamera hurekodi kilichopo tu, kesho haipo. Hata hivyo, pale Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, lori zikisubiri kuvuka, nawauliza watu mbele ya kamera yangu wanaionaje miaka ishirini ijayo. Mama mmoja muuza omena alinijibu, "Mwanangu, niulize ya Jumamosi."

John Mbiti, aliyewahi kufundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika mustakabali wa mbali karibu haupo, kwa kuwa mambo yake hayajatukia. Nabishana naye. Mama yuleyule hutoa pesa za chama kila wiki ili mjukuu wake asome. Hiyo si kesho ya mbali?

Katika filamu ya Free Money (2022), Sam Soko na Lauren DeFilippo walikwenda Kogutu, Siaya, kaunti jirani, ambako wanakijiji waliahidiwa pesa kila mwezi kwa miaka 12. Kesho ilirekodika kwa sababu ilikuwa ahadi. Na jirani aliyeachwa nje alikuwa na kesho nyingine kabisa.

Tororo, upande wa Uganda, nako kuna ahadi: Novemba 2024, Rais Museveni aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa. Upande wa Kenya, reli hiyo ilikuwa imeishia Naivasha tangu 2019. Mtakatifu Agostino alisema yajayo yamo rohoni tu, kama tarajio. Basi tarajio lina uso. Ndiyo maana siku hizi majibu nayakata; nabakisha ule muda mtu anaowaza kabla hajajibu. Mhariri wangu anasema hakuna atakayeitazama filamu ya namna hiyo. Huenda.