Anayemdai Norton Aende kwa Nani?

Wapenzi wengi wa vitabu wameshakutana na Norton bila kujua. Pikipiki ambayo kijana Ernesto Guevara na rafiki yake Alberto Granado waliianzia safari yao ya Amerika ya Kusini mwaka 1952, ile waliyoiita La Poderosa, yaani Yenye Nguvu, ilikuwa Norton ya cc 500 ya mwaka 1939. Nguvu zenyewe hazikuwa nyingi kihivyo. Iliwafia Chile, wakaendelea kwa kuomba lifti. (Ndiye Che huyo huyo aliyepitia Dar es Salaam mwaka 1965 akienda Kongo, ila hiyo ni habari nyingine.)

Leo Norton ni mali ya TVS. Ndiyo, TVS hiyo hiyo ya bodaboda zetu, kampuni ya India ya kusini. Iliinunua Aprili 2020 kwa pauni milioni 16. Nilipomweleza dereva wa boda anayenibeba kila asubuhi, yeye mwenyewe akiwa juu ya TVS, alicheka: "Kwa hiyo sisi ndio tumemnunua Mwingereza?"

Nilicheka naye, na sitaki kuificha furaha ile. James Lansdowne Norton alianzisha kampuni Birmingham mwaka 1898, na mwaka 1907 pikipiki yenye jina lake ilishinda daraja la injini za silinda mbili katika mashindano ya kwanza ya TT kule Isle of Man. Mwaka 1953 kampuni ikauzwa. Baadaye ikahamishiwa London, ikatoa Commando iliyopendwa sana, ikaanguka miaka ya 70, na jina likaanza kutembea mikononi mwa watu. Kama bado ni Norton ile ile au siyo, hilo halininyimi usingizi. Royal Enfield ilikufa kwao Uingereza ikaendelea kuundwa Madras, na sijaona mtu wa maana anayeiita feki.

Kinachoninyima usingizi ni deni.

Mwaka 2008 jina la Norton lilinunuliwa na Mwingereza Stuart Garner. Kati ya 2012 na 2013, akiwa mdhamini wa mifuko mitatu ya pensheni, alichukua akiba za watu zaidi ya 200, jumla zaidi ya pauni milioni 10, akaziingiza kwenye kampuni yake mwenyewe kupita kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Januari 2020 kampuni ikafilisika. Mwaka 2022 alikiri kosa mahakamani, akahukumiwa miezi 8, kifungo kikasimamishwa. Sehemu ya fidia waliyokuja kupata wastaafu ilitoka kwenye mfuko unaochangiwa na skimu nyingine za pensheni. Yaani waliolipa ni watu wasiohusika kabisa.

TVS haikununua kampuni ile. Ilinunua mali zake kutoka kwa wafilisi: jina, michoro, mitambo. Madeni yalibaki na maiti. Ni halali, na sababu yake naielewa. Madeni yangefuata jina, pengine asingetokea mnunuzi, kazi zingepotea na wastaafu wasingepata kitu vilevile. Wahindi hawakumwibia mtu. Walijenga kiwanda kipya Solihull. Mwaka 2021 walitangaza wenyewe kwamba pikipiki za V4 zilizoundwa na kampuni ya zamani zina kasoro zaidi ya 30, wakawashauri wenye nazo wasiziendeshe. Kuna wafanyabiashara ambao wangenyamaza.

Lakini kwetu, kabla mwili haujashuka kaburini, mwanafamilia husimama na kusema: anayemdai marehemu aje kwetu. Hasemi "aliyekopa ni yeye, si sisi". Tena mara nyingi anayesema hivyo hakuwahi kuiona hata shilingi ya mkopo ule. Anasimama kwa sababu amebeba jina, na keshokutwa atagawana nyumba.

Mwaka 2023 Norton iliadhimisha miaka 125 kwa toleo maalumu la pikipiki. Hapo ndipo ninapokwama. Mwenye kuhesabu miaka 125 amehesabu pia 2012 na 2013. Huwezi kuchukua ushindi wa 1907, ambao wewe hukushinda, halafu wizi ukasema si wako kwa sababu wewe hukuiba. Ama uanze kuhesabu kutoka 2020, jambo ambalo halina aibu yoyote, ama uhesabu yote. Sisemi TVS ilipe kila pauni. Nasema kampuni inayokusudia kuwekeza mamilioni kulifufua jina, iliyoonyesha Manx mpya Milan mwishoni mwa 2025, ingeweza kutafuta namna ya kuwakumbuka wastaafu wale, hata kwa sehemu ndogo ya faida, wakati faida itakapokuja.

Nilimwuliza yule dereva anaonaje. Akanisimulia alivyoinunua TVS yake mtumba, akakagua namba ya usajili, akakuta faini za barabarani za mwenye mwanzo. Yule bwana alikuwa hapokei tena simu.

"Ukafanyaje?"

"Nikalipa, kaka. Wewe trafiki akikusimamisha utamwambia faini si zako, na namba iko kwako?"