Straiki Tatu

Sikiliza Wakenya wakiongea kwa dakika tano tu, utadhani tuko uwanjani. Mwanasiasa akiropokwa, amejifunga bao. Kampeni zikikaribia kuisha, tuko dakika za lala salama. Mpenzi akikuacha, umekula kadi nyekundu. Ni lugha tamu, mimi mwenyewe naitumia. Noma inaanza tunaposahau kwamba huo ulikuwa mfano tu.

Wamarekani nao wana tabia hiyo hiyo, ila wao wengi wa misemo yao waliitoa kwenye besiboli. Mmoja wao uliwahi kufunga watu jela.

Mchezo wenyewe uko hivi: mpigaji anasimama na rungu lake akingoja mpira. Akiupunga akaukosa, au akiuacha mpira uliorushwa vizuri umpite, hiyo ni straiki. Zikifika tatu, anatoka. Kila mtoto wa Marekani anaijua hesabu hiyo.

Mwaka 1993, wapiga kura wa jimbo la Washington waliifanya sheria. California ikafuata mwaka 1994, baada ya msichana wa miaka 12 kutekwa nyumbani kwao na kuuawa na mtu aliyekuwa ameshafungwa awali. Hasira ya watu ilikuwa ya haki kabisa. Lakini sheria iliyotoka ilisema hivi: ukishapatikana na makosa mawili mazito, kosa la tatu la jinai, hata la wizi, linaweza kukupa miaka 25 hadi maisha.

Gary Ewing aliiba fimbo tatu za gofu, kila moja dola 399. Kweli, alikuwa na rekodi ya uvunjaji wa nyumba na unyang'anyi. Alipewa miaka 25 hadi maisha. Leandro Andrade aliiba kaseti za video za takriban dola 150, akapewa miaka 50 hadi maisha. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliziacha hukumu zote mbili zisimame, majaji watano kwa wanne.

Sasa jiulize: kwa nini tatu? Kwa nini si mbili, au tano? Katika maadili, namba hiyo haina uzito wowote wa pekee. Ilikubalika haraka kwa sababu masikio yalikuwa yameshaizoea.

Halafu kuna kitu kilichosahaulika uwanjani. Kwenye besiboli, mpigaji aliyetoka anarudi kwenye benchi, anakunywa maji, anangoja wenzake wapige, kisha zamu yake inafika tena. Babe Ruth, jina kubwa kuliko yote kwenye mchezo huo, alitolewa kwa straiki tatu mara 1,330. Alipiga homurani 714. Sheria ilichukua hesabu ya kumtoa mtu, ikaiacha kanuni ya kumrudisha.

Utaniambia maneno hayafungi mtu, wabunge na wapiga kura ndio hufunga. Sawa. Lakini msemo mtamu unatupunguzia kazi ya kufikiri. Ukishasema "straiki tatu", hukumu inasikika kama imeshatolewa na refa, na hakuna anayeuliza tena mtu huyu ni nani, aliiba nini, na ana miaka mingapi.

Na sisi je? Nilipoacha chuo, jamaa zangu waliamua kwamba nimejifunga bao. Haya basi, tuseme ni kweli. Bao la kujifunga likiingia, mpira hurudishwa katikati na mechi inaendelea. Hata mwenye kadi nyekundu hukosa mechi kadhaa, kisha huvaa jezi tena. Lakini tukiyasema maneno haya juu ya binti aliyepata mimba akiwa shuleni, au kijana aliyetoka jela akitafuta kibarua, tunamaanisha filimbi ya mwisho.

Mwaka 2012, wapiga kura wa California walilegeza ile sheria: kwa kawaida kosa la tatu nalo sharti liwe zito au la kutumia nguvu. Ilikuwa imepita miaka 18. Huo ni muda mrefu kwa mtu aliyekaa ndani kwa ajili ya wizi.

Kwa hiyo ukitaka kumhukumu mwenzako kwa lugha ya mchezo, hakuna shida. Ila mpe kanuni zote za mchezo huo, pamoja na ile inayomrudisha uwanjani.